Filamu Niliyoisifu Bila Kuiona

Siku mliyoniaga kwa chai na sambusa pale ofisini, mmoja wenu alisimama akasema ingefaa niwaandikie mambo ya kazi ili nisiondoke nayo. Nilicheka nikasema nitaona. Sasa hii ni wiki ya sita niko nyumbani Tononoka. Vitabu nimeshavipanga mara mbili, mke wangu ameshanikataza kumfundisha namna ya kuchambua mchele, na kisingizio kimeniishia. Basi naandika. Ila nawaonya mapema kwamba mliyemfanyia ile hafla si yule mliyemdhania.

Kazi ya kuandika habari za filamu niliipata kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Nilikuwa msomaji wa prufu, mtu wa kusahihisha makosa kabla ya kuchapa, katika gazeti letu la wiki, chumba cha nyuma, karibu na choo. Safu ya filamu ilikuwa ya Bwana Mwadime, Mtaita mmoja mrefu mwenye sauti ya kanisani. Macho yake yalianza kuingia ukungu, na mhariri akaona si vyema safu ya sinema iandikwe na mtu anayemuuliza jirani yake nani huyo aliyeingia. Siku yangu ya kwanza Bwana Mwadime alinichukua ukumbini akanipa penseli. Nikamwambia kalamu ninayo.

"Kalamu hukauka gizani na wewe hujui," akasema. "Penseli utaisikia ikikwaruza."

Alinifundisha kukaa kiti cha pembeni, safu ya tatu kutoka nyuma, na kuandika herufi kubwa, mstari mmoja tu kwa kila ukurasa, ili maneno yasipandane. Alinifundisha pia kutokula njugu, maana mtu anayetafuna hasikii maneno ya chini chini. Hiyo ya njugu sikuishika. Hakuwa mtu wa mahubiri, ila neno moja alilirudia mpaka nikalichoka. "Hamisi, usiandike ulichoambiwa. Andika ulichokiona." Nikaitikia ndiyo, bwana. Tangu utoto nimekuwa mwepesi wa kuitikia.

Filamu zilikuja kwa gari la moshi kutoka Nairobi zikiwa zimeshachakaa, na mara nyingi kumbi mbili zilitumia filamu moja. Mkanda wa kwanza ukimalizika huku, mzee mmoja wa baiskeli aliufunga nyuma akaukimbiza kule, kisha akarudi kuchukua wa pili. Siku moja tairi lilimpasukia njiani, na fundi wa mashine, kwa kuwahofia watazamaji waliokuwa wakipiga miluzi, akautia mkanda wa nne kabla ya wa tatu. Mtu aliyeuawa akarudi anacheza dansi bustanini. Mimi nikaandika, kwa maneno mazito, kwamba mwongozaji amethubutu kumfufua mhusika wake bila kueleza, na kwamba huo ndio ujasiri unaokosekana siku hizi. Fundi aliikata makala ile akaibandika kwenye mlango wa chumba cha mashine, na kwa miaka miwili alinisalimu "Bwana Ufufuo". Hiyo ni aibu ninayoweza kuicheka. Iko nyingine.

Kumbi zetu zilikuwa na desturi ambayo wengi wenu hamkuikuta. Jumatano alasiri ilikuwa sinema ya wanawake peke yao. Walikuja makundi kwa makundi na mabuibui yao, na vitoto vichanga na vikapu vya mahamri, na mwanamume pekee katika jengo zima alikuwa fundi, aliyefungiwa juu chumbani mwake. Filamu mpya ya Kihindi iliyokuwa ianze Ijumaa, mara nyingi wao waliiona kwanza siku hiyo. Gazeti letu nalo lilikwenda mtamboni Alhamisi asubuhi. Mimi ningeiona filamu Ijumaa, makala ingetoka Ijumaa ya pili, na wakati huo filamu ingekuwa imeshapandishwa gari la moshi kurudi ilikotoka.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa jikoni kwangu ikikaanga viazi. Dada yangu mkubwa, Mwanasiti, ambaye sote twamwita Da Siti, alifiwa na mumewe mapema akaja kukaa nasi, na hakukosa Jumatano hata moja. Na alijua kusimulia. Aliziiga sauti, alisimama na mwiko mkononi kuonyesha jinsi mama mkwe alivyogeuka mlangoni, na vitu alivyoviona yeye sijapata kumwona mtu mwingine akiviona. Siku moja alisema hivi juu ya mwigizaji fulani aliyekuwa akisifiwa mji mzima: "Yule alia kwa macho, lakini mabega yake yamestarehe." Nikaandika vivyo hivyo, neno kwa neno. Zikaja barua za wasomaji kuisifu sentensi hiyo. Mhariri wetu, Bwana Mutiso, aliikata akaiweka chini ya kioo cha meza yake. Sikumwambia mtu ni ya nani.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi. Si kila wiki, lakini wiki nyingi. Mlionisifu kwa jicho langu kali mlikuwa mkimsifu mwanamke aliyekuwa akigeuza viazi vya karai huku mimi nimekaa kwenye kibao nikiandika.

Safu yangu ilikuwa pia na mstari wa kumalizia, nilioubuni mwaka wa kwanza na kuupenda kupita kiasi: "Haya nimeyaona kwa macho yangu, nenda ukayaone kwa yako." Watu wa chapa waliuweka tayari, kama walivyoliweka tayari jina la gazeti, na sikuhitaji hata kukumbuka kuuandika. Ulitoka kila wiki, nimeona, sikuona.

Miaka ya tisini ilipoingia kumbi zikaanza kufa. Moja ikawa ghala la makochi, nyingine ikafungwa tu na mabango yakabaki yakipauka ukutani. Watu walikodi kanda za video wakaangalia sebuleni kwao wamevua viatu. Nikahamia kwenye filamu ndogo ndogo, zile zinazotengenezwa na watu wasio na kampuni nyuma yao, ambazo zilinifikia kwa kanda za kupitishwa mkono kwa mkono, nyingine zimenakiliwa mpaka nyuso zimekuwa uji. Nilizipenda kweli. Na nilianza kuandika kwa ukali kwamba mji wetu kila wiki wapiga video harusi chungu nzima, lakini haujawahi kutengeneza hadithi moja ya kwake. Sikujua kuwa maneno hayo yalikuwa yakisomwa na mtu mmoja wa mtaa wa Ndia Kuu, katika Mji wa Kale.

Huko Ndia Kuu, katikati ya wauza vinyago na masanduku yenye njumu za shaba, Bi Rukiya alikuwa na duka la chumba kimoja. Alikuwa mpiga picha za video katika harusi za wanawake. Siku ya kupamba, bibi harusi anapokaa jukwaani amerembwa na wageni wamevua mabuibui wakaonyesha nywele na nguo zao, mwanamume haingii, kwa hivyo mwenye kamera lazima awe mwanamke. Kazi yake yote ilisimama juu ya jambo moja, kwamba kanda yake haionwi na mwanamume. Aliihariri mwenyewe kwa mashine mbili, mlango ameufunga kwa komeo, kisha akaikabidhi mkononi mwa mama wa bibi harusi. Watu walimwamini Bi Rukiya kama wanavyomwamini mkunga.

Katikati ya miaka hiyo akatengeneza filamu. Aliiita Kisutu, kwa ile leso ya bibi harusi. Aliipiga miezi minane, siku za Jumapili, ndani ya nyumba moja ya Mji wa Kale, na waigizaji wake walikuwa wanawake wa mtaani: muuza mbaazi, muuguzi, mwalimu wa watoto wadogo, na aliyekuwa mkuu wao, fundi cherahani aitwaye Zuhura, mke wa karani wa bandarini. Walikubali kuigiza vichwa wazi, kama mtu anavyokaa kwake ndani, kwa sharti lile lile la kanda za harusi. Ikaonyeshwa Jumatano moja alasiri katika ukumbi wa kukodi, televisheni tatu juu ya meza, wanawake mlangoni, wanawake kwenye mashine. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa ngazini. Da Siti alikuwamo.

Akarudi. Akaweka karai motoni bila kuniangalia.

"Enhe, Da Siti, ilikuwaje?"

"Hii si yako, Hamisi."

"Kwani mimi si nduguyo?"

"U ndugu yangu. Na u mwanamume pia."

Nikakaa kwenye kibao changu nikangoja, kwa maana nilimjua. Kitu kizuri kilikuwa kikimwasha. Kwanza alisema ni habari ya mwanamke aliyeachwa. Kisha akasema yuko mtu amekuja kumposa, na wanawake wa nyumba wanamsuka, na kila anayeshika nywele zake anamwambia habari za ndoa yake mwenyewe. Kisha mwiko ukawekwa chini.

"Zuhura alipozifungua zile nywele, Hamisi! Zamfika kiunoni. Ukumbi mzima ukanyamaza kimya, hata vitoto. Kila mmoja wetu alikumbuka siku yake."

Alinisimulia mpaka pale mwanamke yule anaposimama mbele ya kioo na kisutu mikononi. Hapo jirani akapiga hodi, mtoto wake homa imempanda. Da Siti akajitanda buibui akatoka naye kwenda hospitali, na hakurudi mpaka asubuhi, wakati mimi nimeshaondoka. Nilikuwa na kurasa nne zilizojaa na moja tupu. Mwisho sikuujua. Basi nikautunga. Nilimvisha kisutu, nikampigia vigelegele, nikamwoza.

Nisijifiche nyuma ya haraka. Ningeweza kungoja wiki moja. Ningeweza kuandika "nimesimuliwa". Lakini nilitaka kuwa mtu wa kwanza kuandika juu ya filamu ya kwanza ya mji wetu, na nilitaka ionekane kwamba ukali wangu ndio ulioizaa. Niliisifu kwa moyo wote. Nadhani ndiyo makala nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na naona haya kusema hivyo. Nywele za Zuhura zilikuwa kwenye sentensi ya kwanza, mpaka kiunoni. Chini kabisa, kama kawaida, watu wa chapa waliweka mstari wao: haya nimeyaona kwa macho yangu.

Gazeti lilitoka Ijumaa. Baada ya swala watu wawili watatu walinishika mkono kunipongeza. Mmoja akaninong'oneza, "Kwani wanaume waliingia?" Mimi nikatabasamu kama mtu mwenye siri yake. Katika yote niliyoyafanya, tabasamu lile ndilo linaloniamsha usiku.

Jioni mke wangu alimsomea Da Siti makala. Nilikuwa chumba cha pili nikijifanya natafuta miwani. Da Siti alisikiliza mpaka mwisho, akaja akasimama mlangoni.

"Sikukukataza kuandika," akasema. "Sikudhani kuna mwanamume angeandika."

Nikaendelea kuitafuta miwani.

"Na mwisho wake si huo."

Kufikia Jumapili Zuhura alikuwa amerudishwa kwa mamake na sanduku lake. Mumewe, yule karani, hakumpiga wala hakupaza sauti. Aliweka gazeti mezani akauliza swali moja tu: "Huyu yuwajuaje nywele zako?" Zuhura akaapa. Bi Rukiya akaapa. Wanawake waliokuwa ukumbini wakawaambia waume zao na kaka zao kwamba mwandishi hakuiona filamu, kwa dalili iliyo wazi, kwamba ameandika mwisho usiokuwamo. Wanaume wakajibu kwamba gazeti limesema ameona kwa macho yake. Ilikuwa imeandikwa, na waliokuwamo ukumbini walikuwa wakisema kwa mdomo tu.

Jumatatu Bi Rukiya alikuja ofisini. Baadhi yenu mnakikumbuka kile chumba kirefu cha zamani, meza zimepangwa kama darasani. Alisimama mbele ya yangu na gazeti amelikunja mkononi.

"Assalamu aleikum, Bwana Hamisi."

"Waaleikum salaam, Bi Rukiya. Karibu kiti."

"Sikai. Nina swali moja. Filamu yangu uliiona wapi?"

Taipureta zote zilinyamaza. Nikamwambia tuzungumze nje.

"Nje ndiko nitokako," akasema. "Huko nje wasema nimekuonyesha mimi. Zuhura yuko kwa mamake. Mama wa bibi harusi wa wiki ijayo ameniletea salamu kuwa nisije na kamera. Mimi sikutaki uniombe radhi, bwana, wala sitaki ugomvi. Nakuomba mstari mmoja. Andika hukuiona. Basi."

"Nitaangalia la kufanya, bibi."

Akaniaga kwa adabu zote na kuondoka. Nilimfuata Bwana Mutiso ofisini kwake nikamweleza. Sikumweleza yote. Nilimweleza kuhusu filamu hiyo moja tu. Alikuwa mtu mwema, Mkamba mpole, na hakuwa mjinga.

"Tukiandika hukuiona hii," akasema taratibu, "watauliza nyingine ulizoziona ni zipi."

Kile kipande cha mabega yaliyostarehe kilikuwa chini ya kioo, katikati yetu. Bwana Mutiso akachukua kalamu, na pamoja tukaandika ufafanuzi, mistari miwili ndani ya kisanduku: kwamba mwandishi wetu hakuwamo ukumbini siku filamu ya Kisutu ilipoonyeshwa, na kwamba gazeti linasikitika kwa usumbufu wowote. Hapakuwa na uongo ndani yake. Nilijivunia kidogo jinsi ulivyokaa.

Ulitoka Ijumaa. Kabla ya adhuhuri mji ulikuwa umeusoma na kuuelewa. Hakuwamo ukumbini, na ameona kwa macho yake. Basi alionyeshwa faragha. Wapi? Dukani Ndia Kuu, katika kile chumba chenye komeo. Mlango aliokuwa akiufunga kuwalinda wanawake wa watu sasa ukawa ushahidi dhidi yake.

Nataka hili mlielewe vizuri, kwa sababu ndilo ninaloandikia. Nilijua siku ile ile maneno yetu yamegeukaje. Mtu aliniambia usoni, akicheka, akanipiga bega. Na Ijumaa nyingine ilikuja, na nyingine. Kila wiki nilikuwa na safu nzima ya gazeti, nafasi ya kutosha kuandika "sikuiona" mara mia na ikabaki. Nikaijaza na habari za filamu nyingine. Nilijiambia mambo yatapoa. Nilijiambia nikisema sasa nitazidisha. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikisalimiwa barabarani kwa jina la safu yangu, barabara nzima ya Mama Ngina kando ya bahari, wauza mihogo mpaka wazee wa matembezi ya jioni, na nilikipenda kitu hicho kuliko nilivyompenda Zuhura au Bi Rukiya au haki.

Karani alikubali kumrudisha mkewe kwa sharti moja, kwamba ile kanda isiwepo duniani. Ilikuwa moja tu; Bi Rukiya hakuwahi kuinakili, kwa kuwaogopea wenzake. Wakakutana dukani Alhamisi alasiri, waigizaji wote isipokuwa Zuhura, aliyekatazwa kutoka. Da Siti alikwenda, ingawa hakualikwa, na ni yeye aliyeniambia, kwa maneno machache, akikunja nguo. Bi Rukiya aliitia kanda ndani ya kamera, akaufunika uso wa kamera kwa kifuniko chake, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Filamu ilikuwa ya dakika hamsini, na kuifuta kwahitaji dakika hizo hizo hamsini, giza likipanda juu ya picha. Hakuna aliyeondoka. Walikaa mikekani wakaingoja iishe. Muuguzi alilia. Muuza mbaazi aliimba kidogo, wimbo uliokuwa ndani ya filamu, mpaka sauti ikamkatika. Kanda iliposimama Bi Rukiya akaitoa, akampa mjumbe wa karani aliyekuwa akingoja mlangoni, akawashukuru wote kwa kuja.

Zuhura alirudi kwake. Kamera iliingia kabatini. Duka likawa la leso.

Mimi niliendelea. Nilikwenda kwa watu wa chapa nikawaambia wautoe ule mstari wa mwisho. Wakauliza kwa nini, nikasema unakula nafasi. Hiyo ndiyo toba niliyoiweza. Da Siti naye aliendelea na Jumatano zake mpaka ukumbi wa mwisho ulipoiacha desturi hiyo, na kila aliporudi nilimuuliza ilikuwaje, naye akajibu, "Nzuri." Hakuwa amenuna. Aliniwekea chakula, aliniulizia afya, alinicheka nilipovaa soksi mbili tofauti. Lakini filamu hakunisimulia tena.

Basi nikaanza, mzima na mvi zangu, kufanya kama nilivyofundishwa siku ya kwanza. Niliziona zote mwenyewe. Nilikaa pembeni, safu ya tatu kutoka nyuma, na penseli. Na hapo nikagundua kwamba sioni vizuri kama dada yangu. Naona nani amempiga nani na nani amevaa nini. Mabega ya watu siyaoni. Mliokuja miaka ya mwishoni mlidhani nimezeeka, na wasomaji waliandika kuuliza kimenipata nini. Hakikunipata kitu. Ndiyo mara yao ya kwanza walikuwa wakinisoma mimi.

Wiki iliyopita, nilipokuwa nimeshaandika kurasa tatu za kwanza za haya, niliona siwezi kuendelea bila kumwambia mwenyewe. Nikaenda Ndia Kuu saa za alasiri. Alikuwa akipanga leso rafuni, mbili mbili, amevaa miwani.

"Masalkheri, Bi Rukiya."

"Masalkheri, Bwana Hamisi. Nasikia umestaafu."

"Nimestaafu."

"Mungu akupe mapumziko mema." Akanisogezea kigoda. "Safari hii kaa wewe."

Nikakaa. Nikamwambia vijana wa kazini wameniomba niandike kumbukumbu, na kwamba nataka kuandika habari ya Kisutu, yote, pamoja na uongo wangu. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya radhi, na mengi yao hayakutoka. Aliendelea kupanga mpaka nikanyamaza.

"Zuhura hajambo," akasema. "Ashona. Habari za filamu hataki kuzisikia. Mumewe alijua, wajua? Zuhura alimwambia siku ya kwanza kuwa hukuiona. Sote tuliwaambia. Ukumbi mzima wa wanawake, na wewe mmoja. Wakalichukua lako."

"Najua."

"Hujui. Wajua sasa kilichobaki cha filamu yangu ni nini? Makala yako. Mtoto wa ndugu yangu, yuko sekondari, aliikuta kwenye magazeti ya kufungia. Akaja mbio hapa kufurahi. 'Kumbe, shangazi, mwisho yule bibi aliolewa!' Mimi na wenzangu tutakufa, Bwana Hamisi, na yule mwanamke wetu ataolewa milele, kwa sababu wewe umemwoza."

Nikatoa daftari na penseli mfukoni, mkono wa kazi ya miaka mingi, haukuningojea. Nikamwambia, angalau hilo nilirekebishe. Aniambie mwisho wake ulikuwaje, nami nitauandika kama ulivyokuwa, neno kwa neno, na kwa jina lake.

Bi Rukiya aliitazama ile penseli. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ule tuliufanyia wenzetu," akasema. "Waliouona wanao."

"Niandike nini, basi?"

"Andika hujui."

Akarudi kwenye leso zake. Nikaaga.

Da Siti anao huo mwisho. Yuko jikoni hapa ninapoandika, kati yetu ni ukuta mmoja, namsikia akisogeza sufuria, na simuulizi. Nyinyi wenzangu mnaobaki nawaomba jambo moja. Haya mengine yawekeni mnapotaka, hata kwenye saraka. Lakini maneno yafuatayo yachapeni gazetini, siku ya Ijumaa, pale pale ilipokuwa safu yangu, na jina langu kamili juu yake.

Filamu ya Kisutu ya Bi Rukiya sikuiona, si ukumbini, si dukani kwake, si popote. Hakuna mwanamume aliyeiona. Mwisho nilioandika niliutunga mimi. Mwisho wake hasa siujui.